Kura ya Machi: Mpinga Vita na Seneta McCarthy katika New Hampshire, 1968

Jimbo la New Hampshire ni dogo, nalo liko kaskazini-mashariki mwa Marekani, mahali ambapo mwezi wa Machi theluji huwa haijaisha na matope yamekwisha kuanza. Wakazi wake walikuwa na desturi ya kukutana kila mwaka, Jumanne ya pili ya mwezi huo, katika kumbi za miji yao, ili wasikilize hesabu za barabara na shule na kuchagua viongozi wa mahali. Uchaguzi wa mchujo wa urais uliwekwa siku hiyo hiyo. Yasemekana ni kwa sababu ukumbi ulikuwa umekwisha kupashwa moto, na hapakuwa na haja ya kulipia kuni mara mbili. Kwa ubahili huo watu wachache wa jimbo lile wakawa wa kwanza katika nchi nzima kusema wamtakaye, na kauli yao ikawa na uzito uliozidi sana idadi yao.

Kabla ya Wamarekani wote kupiga kura mwezi wa Novemba, kila chama hutafuta mtu mmoja wa kukisimamia, na katika majimbo yenye mchujo wananchi wenyewe huulizwa wamtaka nani. Msomaji aliyeona kura za maoni ndani ya chama huko Tanzania, au mchujo wa vyama katika Kenya, atalitambua jambo hili; ila hana budi kuondoa dhana kwamba aliyeshinda mchujo wakati ule ndiye aliyesimamishwa. Mwaka 1968 majimbo yaliyokuwa na mchujo hayakufika 20 kati ya 50. Wajumbe wengi wa Mkutano Mkuu wa Chama cha Democrat walipatikana kwa hiari ya magavana, mameya na wakuu wa chama, na wakuu hao walikuwa watu wa Rais. Kura ya New Hampshire haikuweza kumpa mtu urais. Iliweza kumwaibisha Rais, na hilo lilijulikana tangu 1952. Mwaka huo, vita vya Korea vikiwa vinaendelea, Seneta Estes Kefauver wa Tennessee, aliyezoea kujivika kofia ya manyoya na ambaye wakuu wa chama hawakumtaka hata kidogo, alimshinda Rais Harry Truman katika mchujo wa jimbo hilo. Kabla mwezi haujaisha Truman alitangaza kwamba hatasimama tena. Kefauver mwenyewe hakupewa uteuzi. Alipewa Adlai Stevenson. Wapiga kura walikuwa wametumia mtu mmoja kumwondoa wa pili, na aliyefaidi akawa wa tatu.

Vita vilivyowasumbua mwaka 1968 vilikuwa vya Vietnam. Mwaka 1964 Lyndon Johnson alichaguliwa kwa kura nyingi mno dhidi ya Barry Goldwater, na wengi waliompa kura walimwona kuwa ndiye wa amani kati ya wawili hao. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, baada ya habari za mapigano baharini katika Ghuba ya Tonkin, Kongresi ilimpa ruhusa ya kutumia nguvu; katika Seneti waliokataa walikuwa wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening. Kufikia mwisho wa 1967 askari wa Marekani katika Vietnam walikaribia 500,000, na vijana waliendelea kuitwa jeshini kwa lazima. Mwananchi aliyechukia vita hivyo, naye ni wa chama cha Rais, alijikuta katika dhiki ya pekee: chama chake ndicho kilichokuwa kikipigana, na katika chama cha pili walikuwamo wengi waliolalamika kwamba hakipigani vya kutosha.

Allard Lowenstein, mwanasheria wa New York, alizunguka nchi mwaka 1967 akitafuta mkuu yeyote wa chama atakayesimama kumpinga Johnson. Alimwendea Robert Kennedy, ndugu wa Rais aliyeuawa. Kennedy akasitasita, akihofu kwamba watu wangesema ni ugomvi wa nafsi kati yake na Johnson. Alimwendea George McGovern wa South Dakota. Huyo naye alikuwa na kiti chake cha kutetea mwaka uliofuata. Kila mmoja alikuwa na udhuru, na nyudhuru zao zilikuwa za kweli, kwa maana hapakuwa na mtu mwenye akili ya siasa aliyeamini kwamba Rais aliyemo madarakani aweza kunyang'anywa uteuzi na chama chake mwenyewe. Aliyekubali akawa Eugene McCarthy, Seneta wa Minnesota. Alitangaza tarehe 30 Novemba, 1967.

Jina lake lilimponza kidogo, kwa kuwa lilifanana na la Seneta Joseph McCarthy wa Wisconsin, yule aliyewawinda watu kwa tuhuma za ukomunisti miaka ya 1950. Hawakuwa jamaa, wala hawakufanana tabia. Eugene McCarthy alizaliwa mwaka 1916 katika mji mdogo wa Watkins, akasomeshwa na Wabenedikto, utawa ule ujulikanao kwa Waafrika ya Mashariki kwa ajili ya Ndanda na Peramiho, na kwa miezi kadhaa alikuwa mnovisi katika monasteri yao kabla ya kuuacha mwito huo. Alifundisha, akaoa, akaingia Kongresi mwaka 1949 na Seneti mwaka 1959. Aliandika mashairi. Katika safari zake za kuomba kura alifuatana na mshairi Robert Lowell, na wasaidizi wake walinung'unika kwamba wawili hao walipoanza kuzungumza habari za mashairi, waandishi wa magazeti waliachwa wakingoja nje.

Huyu hakuwa mgombea wa namna iliyozoeleka. Alichukia kusimama mbele ya lango la kiwanda alfajiri na kupeana mikono na wafanyakazi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hotuba zake zilifanana na mihadhara. Tarehe 2 Desemba, 1967, huko Chicago, Lowenstein aliuchochea mkutano wa wapinga vita hadi ukawaka. McCarthy, aliyechukizwa na kelele zile, alipanda jukwaani akazungumza kwa utulivu mkubwa hata moto wote ukazimika. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. McCarthy alikitaka, kama kweli alikitaka, pasipo kuinama.

Achukuliwe basi mpiga kura mmoja wa Chama cha Democrat katika mji wowote wa New Hampshire, mtu mzima mwenye kuchukia vita, ambaye Januari 1968 anafikiri ampe kura mtu huyu au asimpe. Mizani yake haikuwa nyepesi. Upande mmoja aliona kwamba McCarthy mwenyewe aliunga mkono azimio la Tonkin mwaka 1964. Hakuwamo kati ya wale wawili waliokataa. Aliona pia kwamba hakutaka jeshi liondolewe kwa siku moja. Alichotaka ni kwamba mashambulizi ya mabomu katika Vietnam ya Kaskazini yakomeshwe, mazungumzo yaanzishwe, na wapinzani wa serikali ya Saigon wakubaliwe kuwa na sehemu katika utawala utakaofuata. Kwa wenye kupinga vita kwa ukali, haya yalikuwa machache. Zaidi ya hayo, hapakuwa na dalili kwamba angeweza kuiongoza nchi, wala kwamba alitamani sana kuiongoza. Na tena Johnson huyu aliyetakiwa kuaibishwa ndiye aliyepitisha sheria za haki za raia za 1964 na 1965, na bima ya matibabu ya wazee. Kumwangusha kulikuwa kuhatarisha mambo hayo, pengine kwa faida ya Richard Nixon.

Upande wa pili wa mizani palikuwa na jambo moja tu: mtu huyu alikuwa amesimama. Mwezi wa Agosti 1967 msaidizi wa Waziri wa Mambo ya Nje aliiambia Kamati ya Seneti kwamba azimio la Tonkin latosha kuwa mahali pa tangazo la vita. McCarthy, aliyekuwa mjumbe wa kamati ile, aliondoka chumbani kwa hasira. Alikuwa amepigia kura azimio asilolijua mwisho wake, na wengi wa wapiga kura nao walikuwa wamempigia Johnson kura mwaka ule ule, wasijue mwisho wake. Si ajabu kwamba baadhi yao walimwelewa kuliko walivyowaelewa Morse na Gruening, waliokuwa na haki tangu mwanzo.

Hapa ndipo hukumu ya wanahistoria wengi huwa nyepesi mno. Humpima McCarthy kama mtu aliyeomba urais, kisha humwona amepungukiwa, na kweli alipungukiwa. Lakini mpiga kura wa Machi hakuwa akiulizwa nani atawale. Mwenye kuelewa taratibu za chama alijua kwamba uteuzi hautolewi New Hampshire. Aliloulizwa ni kama vita vyaweza kupingwa ndani ya chama cha Rais, hadharani, na watu wa kawaida wasio na ndevu ndefu wala mabango. Kwa swali hilo McCarthy alifaa kuliko mwenye uchu. Kama Kennedy angalisimama mwezi ule wa Januari, kila kura yake ingaliweza kusomwa kuwa ni ya mapenzi ya jina au ya ugomvi wa koo mbili. Kura ya McCarthy haikuwa na mapenzi ndani yake. Mtu hakuipiga kwa kuvutwa na sauti wala sura. Ubaridi wake uliifanya isomeke.

Tarehe 30 na 31 Januari, 1968, majeshi ya Vietnam ya Kaskazini na wapiganaji wa kusini walishambulia miji kwa makumi kote Vietnam ya Kusini wakati wa sikukuu ya mwaka mpya, Tet, na kikosi kidogo kiliingia hata uani mwa ubalozi wa Marekani mjini Saigon. Kijeshi mashambulizi yale yalirudishwa nyuma kwa hasara kubwa ya washambuliaji. Kwa nia ya Wamarekani yalikuwa kitu kingine, kwa sababu miezi miwili tu kabla yake Jenerali William Westmoreland alikuwa ameahidi kwamba mwisho wa vita umeanza kuonekana. Tarehe 10 Machi, siku mbili kabla ya mchujo, gazeti la New York Times lilifichua kwamba majenerali walitaka askari 206,000 zaidi.

Wakati huo vijana wa vyuo vikuu walikuwa wamemiminika New Hampshire kwa maelfu. Wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura, kwa kuwa umri wa kura ulikuwa bado miaka 21 karibu nchi nzima. Ulishushwa hadi 18 mwaka 1971. Walikuwa na umri wa kutosha kutumwa Vietnam. Walinyoa ndevu, wakakata nywele, wasichana wakavaa sketi ndefu, wakapita nyumba kwa nyumba katika theluji wakiwasikiliza wenyeji. Yafaa kusisitizwa kwamba waliagizwa kusikiliza kuliko kubishana.

Jina la Johnson halikuwamo katika karatasi ya kura. Rais hakutaka kuonekana akishindana na Seneta mmoja, hivyo wapenzi wake walitakiwa kuliandika jina lake kwa mkono. Ili kuhakikisha kwamba wanaliandika, Gavana John King na Seneta Thomas McIntyre, wakuu wa chama katika jimbo, walisimamia kadi za ahadi zenye namba na vipande vitatu: mwenye kuahidi abaki na kimoja, cha pili kiende makao ya chama jimboni, cha tatu kipelekwe Ikulu. Ni vigumu kuwaza kosa kubwa kuliko hili kwa watu wa kumbi zile. Mtu aliyezoea kuinuka katika mkutano wa mji wake na kumhoji mtunza hazina juu ya gharama ya daraja alitakiwa sasa amwandikie Rais kwamba atakuwa mtiifu. Upande wa McCarthy uliuliza iko wapi tena kura ya siri, na swali hilo likaenda mbali kuliko hoja zote za Vietnam. Matangazo ya upande wa Rais yalizidisha kosa: yalidokeza kwamba kura ya McCarthy ingewafurahisha wakomunisti wa Hanoi. Mkulima mkimya aliyekuwa na mwanawe vitani, na aliyekuwa bado akipima, aliambiwa kwamba kupima kwenyewe ni usaliti.

Matokeo ya tarehe 12 Machi yalikuwa hivi: Johnson, kwa majina yaliyoandikwa kwa mkono, alipata asilimia 49.6, na McCarthy asilimia 41.9. Ikihesabiwa pamoja na majina yaliyoandikwa katika karatasi za Chama cha Republican, tofauti ya wawili hao haikufika kura 300. Kwa wajumbe mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Wajumbe walichaguliwa kwa kura ya pekee, na watu wa Johnson walijitokeza wengi kupita nafasi zilizokuwapo, wakagawana kura zao wenyewe. Upande wa McCarthy ulisimamisha idadi kamili, ukatwaa 20 kati ya 24. Rais aliyeshinda kwa kura alishindwa kwa wajumbe, na nchi nzima ikamhesabu kuwa ameshindwa.

Lakini yule mpinga vita aliyepiga kura yake akidhani imesomeka, alisomwaje? Mwaka 1969 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi wao juu ya uchaguzi ule. Waligundua kwamba kati ya waliompa McCarthy kura katika New Hampshire, wale waliomlaumu Johnson kwa kuwa mlegevu vitani, ambao Wamarekani huwaita mwewe, waliwazidi wale waliotaka kutoka vitani, ambao huwaita njiwa, karibu watatu kwa wawili. Wengi walitaka kumpiga Rais kofi, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa McCarthy. Habari hii imetumiwa mara nyingi kuonyesha kwamba ushindi wa amani ulikuwa ndoto. Hoja hiyo ina nguvu, ila haimalizi jambo. Karatasi ya kura haina pambizo ya kuandika sababu. Mwewe na njiwa waliitumbukiza katika sanduku moja, na aliyekuwa na madaraka ya kuisoma, yaani Johnson, aliisoma kwa macho ya mtu aliyekwisha kuchoka. Tarehe 31 Machi alitangaza katika televisheni kwamba anapunguza mashambulizi ya mabomu juu ya Vietnam ya Kaskazini, tena kwamba hatatafuta wala hatakubali uteuzi wa chama chake. Siku mbili baadaye McCarthy alipata asilimia 56 katika Wisconsin dhidi ya Rais aliyekwisha kujiondoa.

Tangu siku hiyo swali liligeuka, na mizani ikageuka pamoja nalo. Tarehe 16 Machi Kennedy alikuwa amekwisha kuingia, jambo ambalo wafuasi wa McCarthy hawakumsamehe, nao walikuwa na haki ya kukasirika: aliyeogopa theluji alikuja kuvuna masika. Hata hivyo mpinga vita wa Indiana au California aliulizwa swali ambalo wa New Hampshire hakuulizwa, nani atawale, na katika swali hilo ubaridi wa McCarthy ukawa upungufu. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King aliuawa, na miji mingi ikaungua. Katika mitaa ya watu weusi, ambako Kennedy alipokewa kama ndugu, McCarthy alikwenda mara chache, na alipokwenda hakuwa na la kuwaambia lililowagusa. Hili ndilo doa kubwa zaidi katika safari yake yote, kubwa kuliko uvivu wa alfajiri. New Hampshire, jimbo la weupe karibu watupu, halikuweza kulifichua.

Alimshinda Kennedy katika Oregon tarehe 28 Mei, akashindwa California tarehe 4 Juni. Usiku ule ule Kennedy alipigwa risasi mjini Los Angeles, akafariki tarehe 6. Kuanzia hapo McCarthy alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo asioutaka tena. Mkutano Mkuu ulipokusanyika Chicago mwishoni mwa Agosti, polisi wakiwapiga waandamanaji mitaani, azimio la amani lilikataliwa kwa kura zipatazo 1,568 dhidi ya 1,041. Uteuzi ulikwenda kwa Makamu wa Rais Hubert Humphrey, mtu wa Minnesota kama McCarthy mwenyewe, ambaye hakuwa ameingia mchujo wa jimbo hata moja. Ghadhabu iliyofuata ndiyo iliyoleta tume ya kurekebisha kanuni, ikiongozwa kwanza na McGovern, na kwa kanuni hizo mpya mchujo ukawa, kuanzia 1972, ndio njia ya kumpata mgombea wa chama.

Mpinga vita akabaki na Novemba. Upande mmoja Nixon, upande wa pili Humphrey, ambaye hadi mwisho wa Septemba hakuthubutu kuachana na siasa ya vita ya Rais wake. Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema wengine, wakaenda kumpa Humphrey kura. Wengine walimngoja McCarthy aseme neno, naye hakusema mpaka tarehe 29 Oktoba, wiki moja kabla ya kura, na alilisema kwa baridi yake ile ile. Nixon alishinda kwa pungufu ya asilimia moja ya kura za wananchi. Vita viliendelea kwa Wamarekani mpaka mapatano ya Paris ya Januari 1973, na zaidi ya 20,000 kati ya askari wao wapatao 58,000 waliokufa walikufa baada ya mwaka ule wa kumbi zilizopashwa moto.

McCarthy hakugombea tena useneta mwaka 1970. Kiti chake kilitwaliwa na Hubert Humphrey.